Kabla ya Kuongeza Dawa ya Presha: Kazi ya Daktari wa Familia Mtaani

Mgonjwa anakunywa dawa mbili za presha, na mashine bado inasoma 168 kwa 98. Njia ya haraka ni kumwandikia dawa ya tatu na kumwita anayefuata. Njia nyingine inakula dakika 20 zaidi, na katika dakika hizo ndimo ilimo sehemu kubwa ya kazi ya daktari wa familia. Ninaieleza hapa hatua kwa hatua, kwa ajili ya wenzangu walioko kwenye dispensari na vituo vya afya, na kwa ajili ya wagonjwa na jamaa zao, wapate kujua wadai nini wakifika kliniki.

Kwanza, huyu daktari ni nani? Hapa Kenya fani hii bado ni changa. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kuifundisha kama shahada ya uzamili mwaka 2005, na hadi leo watu wengi hudhani daktari wa familia ni yule ambaye hakusomea kitu maalumu. Alichosomea ni mtu mzima kwa jumla yake: mtoto, mjamzito na mzee, presha na kifua kikuu ndani ya mwili mmoja, na nyumba anayorudi mgonjwa huyo jioni. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 imempa mahali pake, kwa kuunganisha hospitali ya kaunti ndogo na dispensari na vituo vya afya vinavyoizunguka kuwa mtandao mmoja. Chini kabisa, na muhimu kabisa, wapo wahudumu wa afya ya jamii. Wako takriban 100,000 nchi nzima, kila mmoja na kaya zake 100 hivi, na tangu Septemba 2023 wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Kwa hiyo siku hizi namba nyingi za presha huzaliwa barazani, wala si kliniki. Hilo ni jambo jema sana, mradi namba yenyewe iwe ya kweli.

Tuanzie hapo basi, kwenye namba. Makosa mengi ya presha ni ya upimaji, na karibu yote huipandisha. Mgonjwa aliyetembea juani kutoka stendi, akaketishwa kwenye benchi lisilo na mgongo, akafungwa mkanda juu ya nguo huku akiulizwa habari za watoto, anaweza kusoma milimita 20 au 30 za zebaki juu ya presha yake halisi. Aketi dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane. Awe ameshakwenda haja ndogo, maana kibofu kilichojaa nacho huipandisha. Kahawa, sigara, miraa na muguka viwe vimekaa mbali kwa angalau dakika 30. Mkono ulale juu ya meza, katikati yake ilingane na usawa wa moyo. Mkono unaoning'inia pembeni husoma juu. Mgonjwa asiongee na mpimaji asiongee. Hili la mwisho ni gumu kwetu watu wa Pwani, ambao kumpima mtu mzima bila kumwamkia na kumjulia hali ni utovu wa adabu. Maamkizi yatangulie yote, yaishe, ndipo zile dakika 5 zianze kuhesabiwa.

Mkanda wenyewe ndio kosa lisiloonekana. Mkanda wa kawaida wa mashine nyingi umeandikwa sentimita 22 hadi 32, na maandishi hayo yako juu ya kitambaa, lakini wachache huyasoma. Chukua futi ya fundi cherehani, tafuta katikati ya ncha ya bega na kisukusuku, zungusha hapo. Ukipata sentimita 35, mkanda wa kawaida utakudanganya kwa milimita 5 au zaidi, na mgonjwa atakunywa dawa kwa ajili ya unene wa mkono wake. Kila dispensari inahitaji mkanda mkubwa wa sentimita 32 hadi 42. Bei yake si kubwa ukiilinganisha na mwaka mzima wa dawa isiyohitajika. Mashine za kifundo cha mkono ziachwe; husoma vibaya mkono ukiinuka au ukishuka kidogo tu.

Halafu kuna suala la nguo. Mama aliyevaa buibui hukunja mkono wa nguo mpaka juu, na ile mikunjo inabana mkono kama kamba. Hapo mkanda unapima juu ya mkono uliokwisha kufungwa. Weka pazia, awepo mhudumu mwanamke, mama atoe mkono mzima nje ya nguo. Ukingo wa chini wa mkanda ukae vidole viwili juu ya mkunjo wa kisukusuku, na mpira wa hewa utokee upande wa ndani unakopita mshipa.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha uandike kwenye kadi mkono uliosoma juu, ili mwenzako wa mwezi ujao asipime ule mwingine akashangilia nafuu isiyokuwepo. Pima mara 2 au 3, dakika 1 kati ya kipimo na kipimo, uache cha kwanza uchukue wastani wa vinavyofuata. Shika mapigo kwa vidole kwa sekunde 30: yakiwa hayana mpangilio, mashine ya kidijitali si ya kuaminiwa kwa kipimo kimoja, na moyo wenyewe unahitaji kuchunguzwa. Mzee, na kila mwenye kisukari, apimwe pia akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, kumwongezea dawa ni kumtengenezea kuanguka bafuni na kuvunja nyonga.

Bado namba iko juu? Mpe wiki moja ya vipimo vya nyumbani. Mhudumu wa afya apite asubuhi na jioni, au mwana wa nyumbani aonyeshwe namna, vipimo 2 kila mara, kwa siku 7. Vya siku ya kwanza vinafutwa, vilivyobaki vinatolewa wastani. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, si 140 kwa 90. Utawakuta watu ambao presha yao hupanda wakiona koti jeupe tu. Utawakuta pia kinyume chake: kliniki wako sawa, nyumbani wamepanda. Hao wa pili ndio wa kuogopewa zaidi, kwa kuwa hakuna anayewatafuta.

Namba ikishathibitika, sasa mfuko wa dawa. Kumuuliza mgonjwa "unakunywa dawa?" hakusaidii, atajibu ndiyo. Mwambie hivi: "Mama, hebu nimwagie mfuko wote hapa mezani, na za kemisti, na za jirani, na za mitishamba." Kisha mwache aeleze mwenyewe kila moja ni ya nini na anaimeza lini. "Hii ya waridi ya presha, hii nyeupe ya miguu, hii naimeza kichwa kikiuma." Sentensi moja kama hiyo ina habari kuliko faili zima. Hesabu vidonge. Alipewa 30 siku 24 zilizopita. Vikibaki 6 yuko sawa, vikibaki 19 umeshapata jibu lako, na si la kumgombeza.

Sababu za vidonge kubaki ni zile zile, zinarudi tena na tena. Anameza siku anayojisikia kupanda tu. Anagawana na mumewe kwa kuwa wote wana presha na pesa ilitosha pakiti moja. Aliambiwa aje bila kula ili apimwe sukari, naye akaelewa asimeze chochote, kwa hiyo kila siku ya kliniki anapimwa akiwa hajameza dawa. Hili ni kosa letu sisi wa kliniki: dawa ya presha inywewe asubuhi hiyo hiyo kwa maji matupu, ni dawa za sukari ndizo zinazosubiri chakula. Kidonge cha kuongeza mkojo anakimeza usiku, anaamka mara nne, mwisho anakitupa; kihamishie asubuhi. Wengine humeza mara mbili bila kujua. Dawa ya presha amlodipini: ya hospitali ina jina moja na ya kemisti ina jina jingine la kampuni, na mgonjwa ana haki ya kuamini ni dawa mbili. Soma maandishi madogo ya kila pakiti, na kisichotakiwa kiondoke mezani, kisirudi mfukoni.

Hapa kuna msururu ambao ningependa kila mhudumu aujue kwa moyo. Mama anaanzishiwa amlodipini miligramu 5, inaongezwa hadi 10. Baada ya wiki kadhaa miguu inavimba, yote miwili, zaidi jioni. Anakwenda kwingine, anaandikiwa furosemaidi ya kuondoa maji. Uvimbe haupungui sana, kwa sababu hana maji yaliyozidi mwilini: amlodipini hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, shinikizo linahamia kwenye vishipa vyembamba, maji yanavuja nje yake. Furosemaidi inamwondolea madini ya potasiamu badala yake. Sasa vigimbi vya miguu vinakaza usiku. Kemisti anamuuzia diklofenaki ya kutuliza maumivu. Diklofenaki inazuia chumvi na maji kutoka kwenye figo, presha inapanda, na anarudi kwako na 168 kwa 98 akiwa na dawa tatu, yuko tayari kupewa ya nne. Tiba yake ni kupunguza: ondoa diklofenaki, ondoa furosemaidi, rudisha amlodipini kwenye 5, kisha weka dawa nyingine ya presha, losatani miligramu 50, kandoni mwake. Dozi ndogo za dawa mbili tofauti hushusha presha vizuri kuliko dozi kubwa ya moja, na losatani yenyewe hupunguza ule uvimbe. Lakini kabla ya kuilaumu amlodipini kwa uvimbe, muulize kama anakosa pumzi akilala, tazama mishipa ya shingo, pima protini kwenye mkojo. Uvimbe wa mguu mmoja tu ni habari nyingine kabisa, huenda ni damu iliyoganda.

Msururu wa pili ni mfupi. Enalaprili au kaptoprili, nazo dawa za presha, humletea mtu kikohozi kikavu cha kuwasha koo, kinaweza kuanza hata miezi baada ya dawa. Anapewa dawa ya kikohozi, kisha antibiotiki, kisha nyingine. Makohozi yapimwe kifua kikuu kama inavyotakiwa kwa kila anayekohoa, na wakati huo huo enalaprili ibadilishwe kwa losatani. Kikohozi hicho huisha kwa wiki 1 hadi 4, mara nyingine zaidi.

Dawa zote hizo mbili, na losatani pia, haziendi kwa mwanamke anayeweza kushika mimba bila kuzungumza naye kwanza juu ya uzazi wa mpango, kwani humdhuru mtoto tumboni. Ukiziandika, pima kwenye damu kriatinini, inayoonyesha kazi ya figo, na potasiamu baada ya wiki 1 hadi 2. Kriatinini ikipanda hadi asilimia 30 inavumilika, ikizidi hapo simamisha uchunguze. Mwenye kuzitumia pamoja na dawa ya mkojo akiongezewa diklofenaki au ibuprofeni, figo zake ziko hatarini, hasa akiharisha au akiwa amepungukiwa maji. Maumivu ya goti yana parasetamoli na dawa ya kupaka. Mwambie hivyo kwa maneno, halafu andika kwa kalamu kwenye kadi: "asipewe diklofenaki wala ibuprofeni". Kemisti wa mtaa huisoma kadi kama ipo.

Daktari wa familia ana bahati moja: kadi zote za mgonjwa huja kwake. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, amlodipini yake inavunjwavunjwa na ini haraka mno na presha inapanda bila kosa lake. Anayetumia dolutegraviri ya virusi vya Ukimwi, metformini yake ya kisukari isizidi gramu 1 kwa siku, maana dolutegraviri huiongeza kwenye damu. Kliniki tatu tofauti kwa siku tatu tofauti haziwezi kuyaona haya. Ndiyo maana naipenda kazi hii.

Jikoni sasa. Kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa na ile iliyojificha. "Punguza chumvi" ni ushauri usiopimika, kila mtu hudhani anatia kidogo. Uliza badala yake pakiti ya nusu kilo hukaa siku ngapi. Nyumba ya watu wazima 5, kila mmoja gramu 5, hutumia gramu 25 kwa siku, hivyo pakiti ya gramu 500 ingekaa siku 20. Ikiisha kwa siku 10, na hawaitumii kuoshea samaki, basi nyumba nzima inakula maradufu, kabla hujahesabu viungo vya pakiti, papa mkavu, ng'onda, achari na bhajia za jioni. Papa na ng'onda walowekwe usiku na maji yamwagwe, na siku hiyo mchuzi usitiwe chumvi nyingine.

Ushauri huo apewe anayeshika mwiko. Mara nyingi mgonjwa ni baba na anayepika ni binti au mke mwenza aliyebaki nyumbani, hajui lolote. Mwombe mgonjwa ruhusa, mwite anayepika, hata kwa simu. Wala sipendekezi kumpikia mgonjwa chungu chake peke yake. Kinamtenga, anachoka nacho kwa wiki mbili, na wale wengine wanaokula chungu kikubwa ndio wanaofuatia kwa presha. Chungu kiwe kimoja, chumvi ipunguzwe kidogo kidogo kwa wiki 3 au 4, ndimu na pilipili na kitunguu thomu vichukue nafasi, na kibweta cha chumvi kiondoke mezani. Ulimi huzoea.

Hapo ndipo mti wa ukoo unapoingia. Karatasi moja, kalamu, dakika 10: wanaume kwa mraba, wanawake kwa duara, vizazi vitatu, aliyefariki anapigwa mstari. Andika umri na sababu kwa maneno waliyoyatumia wao. "Alianguka ghafla akapinda mdomo" ni kiharusi. "Alivimba mwili akawa hakojoi" huenda ni figo. Ndugu wawili wa tumbo moja waliopata kiharusi kabla ya miaka 55 wanakuambia wapimwe wote waliobaki, na wana wao waliotimiza miaka 18. Kwenye karatasi hiyo hiyo andika nani ananunua dawa, nani ana simu, nani analala chumba kimoja na mgonjwa. Kisichoandikwa hapo ni siri ya mtu. Hali ya virusi vya Ukimwi ya mmoja haikai kwenye karatasi itakayoonwa na mwingine, na mhudumu anayetembelea nyumba hatamki ugonjwa wa mtu mlangoni.

Ramadhani nayo ipangwe mapema, wiki 6 hadi 8 kabla. Dawa za mara moja kwa siku huhamia futari au daku bila shida. Dawa ya mkojo ikae futari, isije ikamkausha mchana. Mwenye kisukari anayemeza glibenklamaidi abadilishiwe au apunguziwe, kwani ndiyo inayoangusha sukari saa tisa na saa kumi za alasiri. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au ikipita 16.6 anafungua, hakuna kusubiri adhana. Ni vizuri imamu wa mtaa awe ameyasikia haya kutoka kwako kabla mgonjwa hajamwendea.

Yote yakikaguliwa na presha bado iko juu, ongeza dawa bila kusita. Lengo ni chini ya 140 kwa 90 kwa wengi, na namba ya juu chini ya 130 kwa mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo. Mwone kila mwezi mpaka itulie, kisha kila miezi 3 hadi 6, na aliyetulia apewe dawa za miezi 2 au 3 kwa mkupuo mmoja. Nauli ya kuja kila mwezi ndiyo inayowakatisha watu tiba.

Asiyetulia kwa dawa tatu kamili, moja ikiwa ya mkojo, anahitaji rufaa. Vivyo hivyo aliye chini ya miaka 30 mwenye presha ya kupanda sana. Huyu mshike mapigo ya kinena kabla ya kuandika barua, kwa kuwa yakiwa dhaifu au yakichelewa huenda mshipa mkuu umebanika. Aliyefika 180 kwa 120 bila dalili yoyote apumzishwe, apimwe tena, dawa zake zirekebishwe, aonwe ndani ya siku chache. Asiwekewe dawa ya presha ya nifedipini chini ya ulimi: presha ikianguka ghafla ubongo na moyo hukosa damu, na kiharusi ulichokuwa unakikwepa unakileta kwa mkono wako. Lakini mdomo ukipinda, mkono ukilegea, kifua kikibana, macho yakififia, au mjamzito akifika 160 kwa 110, gari liitwe papo hapo.

Barua ya rufaa iwe na vitu hivi tu: vipimo vya siku 7 na ukubwa wa mkanda uliotumika, kila dawa, dozi yake, na jinsi alivyohesabiwa vidonge, dawa zilizowahi kusimamishwa na kwa nini, kriatinini, potasiamu na protini ya mkojo pamoja na tarehe, na swali lako kwa daktari bingwa kwa sentensi moja. Chini kabisa andika namba ya simu ya dispensari na tarehe ambayo mgonjwa anatakiwa kurudi kwako. Tarehe hiyo hiyo iingie kwenye daftari la kliniki, na mhudumu wa afya wa kaya yake apewe nakala. Akipitisha siku 7 hajaonekana, mhudumu anabisha hodi akiwa na mashine na mkanda unaomfaa.